Ndoto kwa Ajili ya Sostratos

Patakatifu pa Asklepio, Epidauro
Siku ya sita ya mwezi wa Artamitio

Timarista kwa mkaza mwanangu Melita, salamu.

Nimefika, ingawa mgongo wangu haujakubali kwamba tumefika. Yule mwenye nyumbu uliyenitafutia anaimba njia nzima, na sauti yake ni ya mbuzi aliyenasa kwenye ua. Siku mbili nimemvumilia. Kama hiyo si sadaka, basi sijui sadaka ni nini.

Nimekwisha lala usiku tatu kwa niaba ya Sostratos. Mwanzo watumishi wa hapa walisita. Wakaniuliza mgonjwa mwenyewe yuko wapi. Nikawaambia yuko nyumbani, mjini Hermione, kulala hawezi, kukaa hawezi, na mimi ndiye niliyembeba tumboni. Sasa nishindwe kumbebea ndoto? Wakacheka, wakanipitisha. Nimeoga maji ya kisima, baridi mpaka meno yakagongana. Nimetoa maandazi ya asali. Usiku ninajilaza ukumbini juu ya ngozi ya kondoo pamoja na wagonjwa wengine, na kiunoni nimejifunga mkanda wa Sostratos ili mungu asije akakosea mtu.

Lakini sijaona kitu, Melita. Wenzangu kila alfajiri mmoja wao anaruka na vigelegele. Jana kipofu kutoka Argo aliamka akasema mungu amempaka dawa machoni, na leo kamwona mbwa wa hekalu, akamtaja hadi rangi. Mimi nimeota kuku wangu wanapekua kitalu cha vitunguu. Nikamwuliza mtumishi maana yake nini. Akaniambia, "Maana yake, mama, una kuku."

Mwanangu anapumuaje? Uji wa shayiri umpe mwembamba, tena punguza mkono wa chumvi, wewe na chumvi mna undugu. Na jambo moja nakuambia mapema: yule tabibu Hagias asivuke kizingiti changu. Baba yake Sostratos alikatwa na tabibu kwa ajili ya jiwe la kibofu, nami ndiye niliyeshika beseni. Sitaki tena. Subiri neno la mungu.

Timarista


Hermione
Siku ya nane ya Artamitio

Melita kwa Mama Timarista, salamu.

Mama, nitasema moja kwa moja maana sina muda wa kuzunguka. Hagias ameshavuka kizingiti. Tena amekaa kwenye kiti chako.

Ulipoondoka, homa ilishuka siku moja, tukashangilia, kisha ikarudi na ndugu zake. Sasa Sostratos hawezi kulala chali. Tumemwegemeza ukutani kwa magunia ya sufu, na hivyo ndivyo anavyoshinda na kulala, kichwa kikiangukia kifuani. Kikohozi hakitoi kitu. Ubavu wa kushoto umevimba. Ningefanya nini, Mama? Ningekaa namwangalia?

Hagias alimshika mabega akamtikisa, huku sikio amelibana ubavuni. Kisha akaniita na mimi nisikilize. Nimesikia, Mama. Ndani ya mume wangu kunacheza maji kama kiriba cha divai kilichojaa nusu. Ni usaha. Halafu akamzungushia kifuani kitambaa kilicholoweshwa kwa udongo wa mfinyanzi, akangoja. Mahali palipokauka kwanza ndipo penye moto, akapachora duara kwa wino. Anataka kukata hapo, katikati ya mbavu, usaha utoke kidogo kidogo kila siku. Anasema amewakata watu tisa na sita wanatembea. Mwisho ni siku ya kumi na mbili ya mwezi huu. Ikipita hiyo, usaha utapasukia ndani na yeye hatanyanyua tena kisu.

Mimi nilisema akate leo leo. Anayekataa ni mwanao. Anasema, "Mama amekwenda kuniulizia kwa mungu. Nikikatwa kabla ya jibu nitakuwa nimemtukana mungu na nimemtukana Mama." Hata Hagias hamlazimishi, maana naye kabla ya kukata humwomba Asklepio huyo huyo.

Kwa hiyo roho yake iko mkononi mwako. Umeota au hujaota, niambie. Kama mungu amesema kisu, sema kisu. Kama hajasema kitu, sema hajasema kitu, mimi nitamshawishi mwenyewe. Mwenye nyumbu anarudi huko leo. Mpe jibu saa hiyo hiyo, muache aimbe anavyotaka.

Melita


Patakatifu pa Asklepio
Siku ya kumi ya Artamitio

Timarista kwa Melita, salamu.

Piga vigelegele, mwanangu! Mungu amekuja.

Usiku huu wa kuamkia leo nilimwona amesimama mbele yangu, mzee mwenye ndevu nyeupe, fimbo yake mkononi na nyoka ameizunguka. Harufu ya mdalasini ikajaa ukumbi mzima. Akaniita kwa jina. Akasema, "Timarista, mwanao asiguswe na chuma. Mlete kwangu. Mikono yangu inatosha." Akanigusa hapa ubavuni, upande wa kushoto, nikasikia baridi ya kupendeza. Nikaamka nalia.

Umesikia? Asiguswe na chuma. Mwambie Hagias afunge mfuko wake na aniondokee kwenye kiti changu. Mtafute jirani mwenye gari la nyumbu, mlaze Sostratos juu ya majani mengi, mje polepole. Mwambie mama yake anamsubiri mlangoni. Mwambie alitajwa kwa jina la babu yake, Sostratos mjukuu wa Sostratos, mungu anamjua ukoo mzima.

Njooni. Msichelewe.

Timarista


Hermione
Siku ya kumi na mbili ya Artamitio

Melita kwa Mama, salamu.

Nilimsomea barua yako mara tatu. Ya tatu aliniomba nisome pale tu mungu anapogusa ubavu, akaweka mkono wake pale pale. Alicheka, Mama. Mara ya kwanza tangu augue. Aliniambia, "Unaona? Bibi huyu hata mungu hamkatalii." Nami nikacheka, nikatoka nje nikalia nyuma ya mapipa ya rangi.

Hagias amekwenda. Alisema hapingani na mungu, lakini angependa kumwuliza mungu maswali mawili matatu. Alipofika mlangoni akageuka akaniambia, "Binti, barabara ile ina mawe mengi." Basi, akaenda zake.

Siwezi kukuficha kwamba moyo wangu ulitaka kumvuta joho. Mwanamke mwenzangu, wewe kila mwaka kwenye sikukuu ya Demeta wa Chini unaingia hekaluni na wale bibi wenzako watatu, mnafungiwa na ng'ombe jike mwenye hasira, nawe unamkata koo kwa mundu bila kupepesa jicho. Mji mzima unakuogopa. Halafu kijisu chembamba kama jani kinakutia kiwewe? Lakini mungu akisema amesema. Mimi ni nani.

Tunaondoka kesho alfajiri. Sostratos anauliza: mungu alipomtaja, alionekana ana huruma, au alikuwa anatoa amri tu? Nimemwambia utamweleza mwenyewe mkikutana.

Melita


Nyumba ya wageni, nje ya mpaka wa patakatifu
Siku ya kumi na tano ya Artamitio

Mama,

Tumefika na wamemkataa.

Tangu asubuhi tuko hapa, gari limesimama kwenye mawe ya mpaka, na wale watumishi wa mungu wako wamejipanga kama wanazuia wezi. Mmoja mwenye kipara alikuja akamtazama Sostratos. Akatazama pua yake iliyochongoka, akatazama kucha. Zile kucha zina zambarau ya kazini tangu ujana wake, nikamwambia huyu ni mtia rangi, haoshi akatakata. Akasema, "Mama, zambarau naijua. Hii ni buluu." Ndani ya mawe yale hazaliwi mtu wala hafi mtu, ndiyo sheria. Anayekaribia kufa haingii.

Nikawaambia mungu wenu mwenyewe kamwita! Akamwambia mama yake kwa kinywa chake, "Mlete kwangu!" Wakatazamana tu.

Barabara ilikuwa na mawe, kama alivyosema Hagias. Jana mchana gari lilidunda, Sostratos akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu. Tangu hapo anapumua kwa vipande. Nimepata chumba kwa mjane mmoja anayepangisha wagonjwa waliokataliwa. Kumbe tuko wengi. Nimemwegemeza ukutani kama nyumbani.

Naandika kwenye kibao cha nta cha huyu mjane. Ukisha soma, futa, andika jibu, mpe mlinzi wa lango arudishe. Lakini jibu la nini? Nimehesabu, ni hatua mia nne kutoka langoni hadi hapa. Usiandike, njoo. Anakuita.

Melita


Ndani
Siku hiyo hiyo

Melita mwanangu,

Nimesikia gari lilipofika. Nilipanda ukuta wa bustani kama mtoto mwizi wa tini, nikaona majani ya gari na kitambaa chekundu. Ni lile blanketi lake la harusi? Sikuuona uso.

Siwezi kutoka. Usinielewe vibaya, soma mpaka mwisho. Nimetakaswa. Nikimgusa mtu anayekaribia kufa, au nikilala nyumba moja naye, nimechafuka, na sitaruhusiwa kuingia tena mpaka siku zipite na nioge upya. Siku hizo hatunazo. Humu ndani mwenye haki ya kumlilia Sostratos ni mimi peke yangu. Nikitoka, nani atabaki amemshika mungu miguu?

Niache nilale usiku huu mmoja. Mpe divai yenye asali, vijiko viwili. Mkande miguu. Mwambie mama yuko kazini.

Akikataa kula, mwimbie ule wimbo wa kuchambua konokono wa bahari tunaowakamua rangi. Aliupenda. Uimbe vibaya, atakurekebisha, na kwa kukurekebisha atavuta pumzi.

Timarista


Nje
Siku ya kumi na sita ya Artamitio

Mama Timarista,

Nimeuimba vibaya. Hakunirekebisha.

Sasa nisikilize. Asubuhi nilikwenda langoni nikamshika yule mwenye kipara nguo. Nikamwambia, itafuteni ndoto ya Timarista wa Hermione, ya siku ya kumi, someni wenyewe kama mungu hakumwita huyu mgonjwa. Akanihurumia. Akaenda akauliza. Akarudi akaniambia kila aonaye ndoto huisimulia kwa kuhani asubuhi ile ile na inaandikwa, hakuna anayenyamaza nayo, watu huja wakipiga kelele. Ya kwako haipo. Timarista wa Hermione ameandikwa siku kumi na mbili mfululizo: hakuona kitu. Hakuona kitu. Hakuona kitu. Mara moja tu: kuku.

Mama, sitaki maneno mengi. Uliota au hukuota?

Kuna tabibu mjini bandarini, nikimtuma mtu kwa farasi atafika kesho mapema. Lakini Sostratos bado anasema asiguswe na chuma, mungu kakataza. Ananiambia mimi hivyo kwa pumzi anayoihitaji kwa kazi nyingine. Kama ni mungu aliyekataza, nitakaa kimya nimwangalie akifa kwa utiifu. Kama ni wewe, niambie leo. Uapie kichwa chake.

Melita


Ndani
Siku hiyo hiyo, mchana

Melita,

Sikuota.

Naandika neno hilo na mkono wangu hautaki. Sikuota. Hakukuwa na mzee, wala fimbo, wala mdalasini. Barua yako ilipofika na habari ya duara la wino ubavuni, nililiona lile beseni. Ulinitania kuhusu mundu na ng'ombe. Ng'ombe sikumzaa, Melita. Nilimshika mume wangu kichwa nikamwambia vumilia, tabibu anajua, nikaambiwa mara tatu "karibu tunamaliza," na alipokwisha kuwa baridi tabibu akaosha kisu chake ndani ya mtungi wangu wa maji ya kunywa.

Nikasema nikimwambia Melita sijaona kitu, watamkata. Nikasema nikimleta hapa, mungu atamwona kwa macho yake na ataona haya. Nilidhani naiazima ndoto tu, usiku wa pili ya kweli itakuja niilipe. Haikuja. Kila usiku nimefumba macho kwa nguvu hadi yakauma.

Mwite tabibu. Mwambie Sostratos mama yake ni mwongo, mungu hakukataza, mkate, mkate haraka. Nami naapa kwa kichwa chake kama ulivyotaka.

Lakini usiniambie nitoke. Nimesema uongo kwa jina la mungu ndani ya nyumba yake. Kama anamwadhibu mtoto kwa kosa langu, ni mimi wa kumwangukia, na ni usiku huu. Nimewaambia makuhani. Hawakunipiga, afadhali wangenipiga. Wameniruhusu usiku wa leo na wa kesho, basi.

Timarista


Nje
Siku ya kumi na saba ya Artamitio

Kwa Timarista.

Tabibu alifika kabla ya saa sita. Mtu mpole, kijana. Aliweka sikio ubavuni, akalihamisha, akalirudisha. Hakumtikisa. Akatoka nami nje akaniambia umepasukia ndani, labda siku mbili zilizopita, labda barabarani. Nikamwambia kata hivyo hivyo! Nikapiga magoti kwenye kinyesi cha nyumbu, nikamshika magoti. Akasema, "Dada, nikimkata sasa nitakuwa namuua mimi." Hakuchukua hata maji.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Ungelia peke yako ningesema haya, ndiyo dunia. Lakini umetutoa machozi sote. Nilikuwa na siku nne mkononi, Mama. Nilikuwa na Hagias na kisu chake na duara la wino, limekaa tayari kama mlango. Nilimpeleka kwenye mawe mume wangu kwa sababu ya mdalasini wako.

Nimemwambia Sostratos ukweli. Nilitaka akuchukie kidogo, nisiwe peke yangu. Kisha akasema, "Maskini. Usiku wote huo." Basi. Hilo ndilo alilosema juu yako.

Haulizi juu ya mungu tena. Anauliza, "Mama bado amelala?" Kila nikimpangusa jasho anauliza. Sijui nimjibu nini. Acha kumwomba mungu asiyekuja. Njoo kwa huyu anayekuita. Kama hutaki kuja kwa ajili yangu, usije kwa ajili yangu.

Melita


Nje
Siku ya kumi na nane, alfajiri

Timarista,

Amekwisha. Sasa hivi, jogoo wa mjane hajamaliza kuwika. Aliomba nimwegemeze vizuri, nikamwegemeza, akasema "hapo," na hakuvuta pumzi nyingine.

Usitoke tena. Kaa humo humo na usafi wako. Hatua mia nne, siku tatu, na ukashindwa. Hakuna mtu hapa wa kumtokea. Baki na mungu wako mkalale pamoja, na akikuuliza mwanao yuko wapi, mwambie ulimuuza kwa nd


Hermione
Siku ya tatu ya mwezi wa Panamo

Timarista kwa Melita, nyumbani kwa baba yake, Troizeni. Salamu, kama utaipokea.

Sikulaumu kwa kurudi kwenu. Mjane hana mtoto, mume ameoza, akae na mkwe kufanya nini? Mapipa ya rangi nimewapa wenzake wa kazi. Kiti chako cha kufumia bado kipo. Kuku wameacha kutaga, labda wamefiwa na wao.

Sikukwambia kilichotokea usiku ule, na hukuniuliza. Mungu hakuja. Nilijilaza kifudifudi, nikaungama, nikamwambia nichukue mimi, nikamtajia viungo vyangu kimoja kimoja achague. Pembeni yangu wanawake wanakoroma, wakiamka wana furaha. Karibu na mapambazuko nikamfikiria huyu mungu: ana watoto wengi wanaomlilia, Wayunani wote ni wake. Wangu mmoja. Na huyo mmoja ananiita tangu juzi. Nikainuka nikapita langoni bila viatu. Mlinzi akanionya nikivuka mawe sirudi. Nikavuka.

Mengine unayajua. Uliniona mlangoni, ulikuwa umemkumbatia kwa nyuma, umemwegemeza kifuani pako, blanketi jekundu limewafunika wote wawili. Ukaniambia, "Mama, yupo, zungumza naye." Nikamshika mkono. Nikamwambia mimi nimekuja, baba, nimechelewa, nisamehe, sikuota kitu, niliogopa tu. Na vidole vyake vikanibana. Nilivisikia. Kisha ukasema, "Sasa amelala," ukamfumba macho.

Melita, nina maswali mawili, na usiku wote nayageuza. Wiki iliyopita alipita yule mjane mwenye nyumba ya wageni, anakwenda kwa binti yake anayeishi hapa Hermione. Alinipa pole. Akasema, bila kuona anachosema, kwamba alisikia kilio chako kabla ya kuniona mimi barabarani. Kabla. Nikamwambia labda amekosea, akasema labda.

La pili. Nilipoingia, kile kibao cha nta kilikuwa mkekani karibu na goti lako. Kilikuwa kimeandikwa. Na uliponiona, kabla hujasema neno, ulikipitisha kidole gumba mara mbili, ukakifuta. Kilikuwa kimeandikwa nini?

Mimi si mtu wa kudai ukweli kwa yeyote, najua. Lakini wewe hujawahi kunidanganya hata siku moja, hata kuhusu chumvi. Kwa hiyo utakachosema nitakiamini. Alinisikia, au nilizungumza na gogo? Vidole vile vilikuwa vyake?

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini na wewe umeuonja wa kwako, ndiyo maana nathubutu kuuliza.

Timarista


Troizeni
Siku ya tisa ya Panamo

Melita kwa Mama Timarista, salamu.

Barua yako nimekaa nayo siku mbili. Baba yangu alitaka kuichoma. Nikamnyang'anya.

Nianze na lililo gumu. Sijakusamehe kwa ile ndoto. Nimejaribu. Naamka asubuhi nikidhani nimesamehe, kisha napita kwa muuza viungo sokoni, harufu ya mdalasini inanipata, na nataka kupiga mtu. Labda nitakapokuwa mzee kama wewe. Usiningojee mlangoni. Lakini usiku ule wa kuku na usiku ule wa kulia, siku kumi na tano juu ya ngozi ya kondoo, na mgongo ule, navyo navijua. Sostratos alisema maskini, na yeye ndiye aliyekuwa anakufa. Mimi ni nani nizidi.

Sasa maswali yako.

Mjane alisikia kilio changu, ni kweli. Nililia alfajiri ile kwa sababu aliziba pumzi nikadhani ameondoka. Nikampangusa uso kwa maji, akarudi. Ndipo ulipoingia. Yule bibi ana masikio mazuri lakini hakuwa chumbani.

Kibaoni nilikuandikia uje na blanketi lingine na kuni, chumba kilikuwa na baridi. Nilipokuona umekuja mwenyewe, sikuhitaji tena kuomba kuni. Nikafuta.

Vidole vilikuwa vyake, Mama. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imemshika kiunoni asianguke, ningekubanaje? Nilisikia kifua chake kikijaa ulipomwita baba. Alijua ni wewe. Mtu hamkosei mama yake.

Umesema nikuambie utaamini. Basi naapa kwa Demeta wa Chini, ambaye Sostratos yuko nyumbani kwake sasa, na ambaye mimi nawe siku moja tutasimama mbele yake atuulize kila mtu alisema nini: alikusikia neno kwa neno, mpaka ulipomaliza, ndipo akaenda.

Kula vizuri. Uwape kuku makombo ya konokono, watataga.

Ulimuwahi, Mama.

Melita